Maswali ya Lugha: I iliyopotea ndani ya wingi

Barua za mwezi huu zimekutana njiani bila kupanga. Wasomaji kutoka Kahama, Dar es Salaam, Mombasa, Rorya na Iringa wameuliza, kila mmoja kwa namna yake, juu ya maneno ambayo wingi wake hauko mbele wala nyuma ya neno bali katikati: irabu moja inatoka, nyingine inakaa mahali pake. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, miaka mingi nikiwa Musoma, na katika sarufi nzima hakuna somo nililolipenda kuliko hili. Mnivumilie basi pale nitakapojibu kwa kirefu.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Kahama. Ubaoni tumeandikiwa foot – feet, tooth – teeth, goose – geese. Nikauliza mbona book si beek. Nikajibiwa kwamba haya ni maneno yasiyo na kanuni, tuyakariri tu. Kweli hayana kanuni?*

Marahaba, mwanangu. Kanuni yalikuwa nayo, ila iliacha kufanya kazi zamani sana. Aliyekwambia ukariri hakukudanganya kuhusu mtihani, maana mtihani hauulizi historia. Lakini wewe umeuliza sababu, na sababu ipo.

Turudi hadi kabla ya miaka ya 700. Neno la mguu lilikuwa na o ndefu, ile unayoitamka katika "choo". Wingi wake haukuwa na irabu nyingine. Ulikuwa na kiambishi chenye i mwishoni. Tuseme umoja ni "foot" kwa o ya "choo", na wingi ni "footi". Sasa tamka "footi" upesi, mara kadhaa, uusikilize ulimi wako. Ukitamka o, ulimi uko nyuma na midomo imeviringwa. Ukitamka i, ulimi uko mbele na juu. Msemaji mwenye haraka hasubiri o iishe ndipo auhamishe ulimi. Anaanza kuusogeza mapema, o ikiwa bado mdomoni. Ikazaliwa sauti ya katikati, midomo imeviringwa lakini ulimi uko mbele, sauti ambayo Wajerumani wanayo hadi leo na huiandika ö. Baada ya vizazi kadhaa midomo ya Waingereza nayo ikalegea, ikabaki e ndefu kama ya "mzee". Ile i ya mwisho, kwa kuwa haikuwa na mkazo, ikadondoka. Umoja fōt, wingi fēt. Aliyesababisha mabadiliko ameshaondoka, mabadiliko yamebaki.

Baadaye, kati ya miaka ya 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama. O ya "choo" ikapanda ikawa u, e ya "mzee" ikapanda ikawa i. Ndiyo sababu leo unaandika oo ukasoma u, unaandika ee ukasoma i. "Mouse" na "mice" walianza kama mūs na mȳs, u ndefu iliyovutwa mbele na i. Zilipohama, moja ikawa au na nyingine ikawa ai. "Man" na "men" ndiyo rahisi kuliko yote: a imevutwa kuelekea i, ikaishia njiani kwenye e.

Kwenye hiyo a na e nataka usimame kidogo, kwa sababu jambo hili unalo kinywani tangu ulipoanza kusema. Wingi wa jino ni meno. Hiyo e imetoka wapi? Shina ni -ino na kiambishi cha wingi ni ma-. A imekutana na i, zimeungana, imepatikana e. Mwizi, wezi: wa- na -izi. Jiko, meko. Watu wengi na mambo mengi ni wa-ingi na ma-ingi. Ukifika kidato cha tano utafundishwa kuuita muungano wa irabu. Macho na mawe hayakubadilika hivyo kwa kuwa mashina yake, -cho na -we, hayaanzi na i. Tofauti yetu na Waingereza ni kwamba kwetu a na i zilikaa bega kwa bega zikayeyukiana, na kwao i iliivuta a kutoka ng'ambo ya konsonanti. Lakini ni mvuto ule ule, ndani ya kinywa kile kile cha binadamu, na zao lake ni e ile ile. Mtu akikwambia Kiswahili hakijui mambo ya "man" na "men", mtajie meno na wezi.

Sasa "book". Swali lako lina uzito kuliko unavyodhani, maana neno hilo lilikuwa nao wingi wa aina hii! Umoja bōc, wingi bēc. Na ile i, kabla ya kudondoka, ililainisha k iliyokuwa jirani yake ikawa ch, kwa hiyo wingi ulitamkwa kwa ch mwishoni. Kama ungeishi hadi leo, ungekuwa unaandika "one book, two beech". Haukuishi. Kiambishi -as, ambacho zamani kilikuwa cha kundi moja la majina kama stān – stānas, jiwe na mawe, kilienea, hasa katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa 1066, kikameza karibu majina yote ya Kiingereza. Ng'ombe alikuwa cū, wingi cȳ. Scotland bado wapo wasemao "kye", lakini wewe unafundishwa "cows". Yaliyosalimika ni 7 tu: man, woman, foot, tooth, goose, mouse, louse. Yatazame vizuri: watu, viungo vya mwili, viumbe wanaoishi karibu na binadamu. Ni maneno ambayo mtoto huyasikia kila siku kabla hajaijua kanuni ya -s. "Book" lilikuwa neno la watawa na makarani, halikusemwa mara nyingi kiasi hicho jikoni na shambani, na naamini hilo lilichangia kulipoteza.

*Mwalimu, habari za kazi. Nasoma Kijerumani hapa Dar es Salaam nijiandae kwenda kusomea uuguzi. Mutter inakuwa Mütter, Buch inakuwa Bücher, lakini Hund ni Hunde bila vitone. Nitajuaje lipi linapata vitone na lipi halipati?*

Salama, binti yangu, na nakutakia heri katika safari hiyo. Vitone hivyo ni mabaki ya e ndogo iliyokuwa ikiandikwa juu ya herufi. Waandishi wakaifupisha hadi ikawa vitone viwili. Mabadiliko yenyewe huitwa umlauti, jina lililoenezwa katika isimu na Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya hadithi pamoja na nduguye Wilhelm, katika sarufi yake iliyoanza kuchapishwa mwaka 1819. Chanzo chake ni i niliyomweleza mwanafunzi wa Kahama. Zamani mgeni alikuwa gast na wageni gesti. Leo ni Gast na Gäste.

Kuanzia hapo Kiingereza na Kijerumani, lugha mbili ndugu, zikaachana njia. Waingereza walipunguza, Wajerumani wakaongeza. Mti, Baum, zamani wingi wake ulikuwa bouma, hauna i hata moja, lakini leo ni Bäume. Ndege, Vogel, vivyo hivyo: Vögel. Wasemaji walizoea kusikia irabu iliyobadilika kuwa ni alama ya wingi, basi wakaitumia hata kwa maneno ambayo i haikupata kuyagusa. Kilichokuwa alama ya ajali ya matamshi kikageuka kifaa cha sarufi. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kabisa katika historia ya lugha zao.

Kwa mtihani wako, shika haya. Neno ambalo wingi wake unaishia -er litapata vitone kila irabu yake inaporuhusu: Buch – Bücher, Haus – Häuser, Mann – Männer. Neno la kike lenye silabi moja na wingi wa -e litapata pia: Hand – Hände, Nacht – Nächte, Stadt – Städte. Yanayochukua -s hayapati, na ya -en karibu yote hayapati: Auto – Autos, Frau – Frauen. Taabu iko kwa majina ya kiume yenye wingi wa -e, ambayo mengine hupata na mengine hukataa: Gast – Gäste lakini Tag – Tage, Arm – Arme, na huyo mbwa wako Hund – Hunde. Kwa hayo dawa ni kujifunza wingi siku ile ile unapojifunza umoja. Usiliandike neno moja kwenye daftari bila mwenziwe.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Chuoni tulisomeshwa kitaab, wingi kutub. Sisi tumelichukua neno tukasema kitabu, vitabu. Ustadhi mmoja hapa Mombasa hulilalamikia sana. Je, tumeharibu? Na wingi huu wa Kiarabu ndio ule ule wa Waingereza wa mouse na mice?*

Waalaykumus salaam, ndugu yangu. Nianze na la pili. Si jambo moja, ingawa kwa macho yanafanana.

Waingereza walikuwa na kiambishi, kiambishi kikaipinda irabu, kisha kikapotea. Kwa Waarabu hakuna kilichopotea. Neno lao limejengwa kwa konsonanti za mzizi, mara nyingi 3, na irabu ni kalibu ambamo konsonanti hizo humiminwa. K-t-b ikimiminwa katika kalibu moja inakuwa kitaab, katika nyingine kutub, katika nyingine kaatib, mwandishi. Nilipokuwa mtoto Pangani, chuoni tuliimba jozi hizi kwa sauti kabla hatujajua maana ya nusu yake: bayt – buyuut, jabal – jibaal, walad – awlaad, qalam – aqlaam. Wanasarufi wao huuita jamʿu taksiir, wingi wa kuvunja, kwa sababu umbo la umoja huvunjwa likajengwa upya. Kuna pia wingi ulio salama, usiovunja kitu, kama muslim – muslimuun, unaoongeza mwisho tu.

Kalibu hizo zinafanya kazi hadi leo. Neno filamu lilipoingia Kiarabu kama film, wingi wake ukawa aflaam. Bank ikawa bunuuk. Kimalta, ambacho ni mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na Waitalia, kimefanya la kushangaza zaidi: chumba ni kamra, neno la upande wa Sicily na Italia, lakini vyumba ni kmamar, uma ni furketta, nyuma ni frieket. Neno la Kizungu limevunjwa kwa nyundo ya Kiarabu.

Ama kuhusu kuharibu, mimi nasema hapana, na nasema kwa moyo wote. Kiswahili kilipolisikia kitaab, kilisikia ki- mwanzoni. K ya ki- hiyo ni konsonanti ya mzizi kwa Mwarabu, lakini kwa sikio letu ki- yote ni kiambishi cha ngeli, kama cha kiti na kisu. Basi vitabu. Lugha iliyo hai hulipa neno la mgeni kiti katika baraza yake yenyewe. Na kitabu hakiko peke yake. Wakati na waraka ni maneno ya Kiarabu ambayo w yake ni konsonanti ya mzizi, lakini sisi tuliisikia kama w ya wimbo na wembe, ambayo wingi wake ni nyimbo na nyembe. Ndipo tukapata nyakati na nyaraka. Hakuna Mwarabu atakayekutambulia nyaraka, na hakuna karani wa Afrika Mashariki atakayeweza kufanya kazi bila neno hilo.

Upande wa pili, tumepokea maneno mengine yakiwa tayari yamevunjwa. Ulamaa kwa Kiarabu tayari ni wingi wa ʿaalim, nasi tumeongeza tukasema maulamaa. Malaika ni wingi wa malak, lakini kwetu malaika mmoja anatosha kabisa. Na fakiri na fukara kwao ni mtu mmoja na watu wengi. Kwetu yamekuwa maneno mawili yanayosimama kila moja peke yake, fukara akaongezewa ma- akawa mafukara. Mwambie ustadhi, kwa heshima anayostahili, kwamba Kiarabu chake kiko salama, na Kiswahili nacho kinafuata sheria zake.

*Mwalimu, mimi ni Mjaluo wa Rorya. Kwa nini hamtaji lugha yetu? Sisi husema ot ni nyumba moja, nyumba nyingi ni udi.*

Umenikumbusha wanafunzi wangu wa Musoma, ahsante. Mfano wako ni mtamu kwa sababu una mabadiliko mawili kwa pamoja: o imekuwa u, na t imekuwa d. Hilo la konsonanti ndilo fahari ya Kijaluo. Got, mlima, wingi gode: t imekuwa d. Lakini kidi, jiwe, wingi kite: hapo d imekuwa t! Hakuna upande mmoja wa wingi na mwingine wa umoja. Konsonanti inageuka tu kwenda kwa mwenzake. Na jamaa zenu wa mbali wa Sudan Kusini, Wadinka, wameendelea zaidi: kwao umoja na wingi vinaweza kutofautishwa ndani ya silabi moja kwa irabu yenyewe, kwa urefu wake, wenye ngazi 3, kwa toni, na kwa sauti kuwa ya kawaida au ya kupumua. Mtu akitafuta lugha ambayo wingi wa ndani ndio kawaida yake, asiende Ulaya, apande Mto Nile.

*Mwalimu shikamoo. Naandika riwaya ya watu wa kisiwa cha kubuni na nimewaundia lugha yao. Nataka wingi uonekane kwa kubadili irabu. Nimepanga hivi: lam, mtu, wingi lem, sor, samaki, wingi sar, pun, mtumbwi, wingi pon, dak, jiwe, wingi dik. Rafiki yangu ameisoma akasema inasikika ya kubahatisha. Nifanyeje? Iringa.*

Marahaba. Rafiki yako ana sikio zuri, umtunze. Kubuni si kosa. Tatizo ni kwamba irabu zako kila moja imekwenda upande wake: a mara inakwenda kwa e, mara kwa i, o inashuka hadi a, u inashuka hadi o. Hakuna sauti moja inayoweza kuzisukuma zote hivyo. Msomaji wako hatajua sababu, lakini atasikia kwamba haipo.

Tazama alivyofanya J.R.R. Tolkien, mwandishi wa riwaya ya The Lord of the Rings, aliyezaliwa Bloemfontein, katika nchi iitwayo leo Afrika Kusini, mwaka 1892, akawa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford. Katika lugha yake ya kubuni iitwayo Kisindarin, kilima ni amon, vilima emyn; mwanadamu ni adan, wanadamu edain; edhel wingi wake edhil; orch wingi wake yrch. Hakuyapanga maneno hayo jozi moja moja. Alibuni kwanza lugha ya kale yenye i ndefu ya wingi mwishoni, kisha akaipitisha katika mabadiliko ya sauti ya vizazi vingi hadi i ikadondoka. Wingi wa Kisindarin ulitoka wenyewe, kama matokeo. Sauti ya lugha hiyo aliichukua kwa makusudi kutoka Kiwelisi, lugha ya watu wa Wales, alichokipenda sana, ambacho nacho kina wingi wa namna hii: mshairi ni bardd, washairi beirdd, ngome ni castell, ngome nyingi cestyll. Hata uma, neno walilochukua kwa Waingereza, ni fforc na wingi wake ffyrc.

Wewe pia fanya hivyo. Wape watu wako mababu. Sema kwamba mababu wa kisiwa hicho waliongeza -i kuonyesha wingi: lami, sori, puni, daki. Sasa iache i ifanye kazi. Lami inakuwa lemi, kisha lem. Hiyo umeipata tayari. Sori: o inavutwa mbele, inakuwa ö, na ikiwa watu wako hawapendi sauti hiyo, inakuwa e: ser. Puni kwa njia hiyo hiyo inakuwa pin. Daki inakuwa deki, lakini k iko jirani na i, na i huilainisha k, kama ilivyofanya kwa kitabu cha Waingereza. Sisi wenyewe tunalijua hilo: kupika, mpishi, kucheka, mcheshi, kulinda, mlinzi. Basi deki inakuwa dechi, kisha dech. Umoja dak, wingi dech. Sema neno hilo kwa sauti. Halikubahatishwa.

Maneno marefu yatakufurahisha zaidi. Ikiwa wana neno marod, mvuto wa i unaweza kurudi nyuma silabi moja baada ya nyingine: marodi, maredi, meredi, mered. Irabu zote mbili zimeguswa, kama katika amon na emyn.

Halafu utakutana na tatizo, na usilikwepe. Chukua neno lenye i tayari, tuseme tin. Wingi wa kale tini, i inadondoka, inabaki tin. Umoja na wingi vimefanana. Vizuri sana! Liache lilivyo. Nyumba yetu ni nyumba, moja au kumi, na hakuna anayepotea, kwa sababu tunasema nyumba hii na nyumba hizi. Waache watu wa kisiwa nao waoneshe wingi wa tin kwenye kivumishi au kitenzi. Au waazime mwisho kutoka neno lingine. Ukifanya hivyo kwa maneno mawili matatu, lugha itakuwa na makovu, na mimi naipenda lugha yenye makovu.

Mambo mawili zaidi. Ikiwa katika hadithi yako wafanyabiashara walikuja kisiwani baada ya i kudondoka, maneno waliyoleta yasibadilike irabu. Yapate wingi wa aina nyingine, mpya. Na chagua maneno machache ambayo hayakuwa na haki ya kubadilika lakini wasemaji wameyabadilisha kwa kuiga, kama Wajerumani na mti wao.

Yote haya ni kwa lugha yenye historia. Kama ungekuwa unaunda lugha ya watu kujifunza upesi, ningekushauri kinyume. Kiesperanto cha Zamenhof cha mwaka 1887 huongeza -j: libro, libroj. Mwaka 1907 wanamageuzi wakatoa Kiido, wakaibadilisha irabu ya mwisho tu: libro, libri, kama Waitaliano. Pale irabu ni swichi, safi, haina kisa chochote nyuma yake, na kwa kazi ile inafaa. Watu wa kisiwa chako hawahitaji swichi. Niandikie tena ukishapata wingi wa neno la bahari, nataka kuujua.

*Mwalimu, mouse ya kompyuta wingi wake ni mice au mouses? Na mbona moose hawi meese?*

Kamusi zinakubali zote mbili, ingawa "mice" ndiyo inayotumika zaidi. Kwa Kiswahili sema kipanya, vipanya, umemaliza.

Moose, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana wa misitu ya kaskazini ya Amerika, aliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1600 kutoka lugha za wenyeji wa huko. I iliyogeuza goose kuwa geese ilikuwa imedondoka karibu miaka elfu moja kabla yake, kwa hiyo haikumkuta. Moose mmoja, moose wawili, neno ni lile lile. Na nguchiro, ambaye Waingereza humwita mongoose, hana undugu na goose hata kidogo. Jina limetoka Kimarathi cha India. Ukiwaona wawili wakivuka barabara, andika "mongooses".